Prisila na Msumari wa Benchi

Mwaitu,

Sanduku lako liko mlangoni na nimejizuia kulifungua tena. Habari ya blanketi, chaja na dawa ya kifua tumeimaliza, na ukisahau kitu utakinunua Kitui mjini. Wewe umeenda kumuaga shangazi yako, baba yako yuko na mbuzi zake, na mimi nina jioni nzima na kalamu. Nataka kujibu lile swali lako la Alhamisi.

Nalikumbuka vizuri kwa sababu nililikwepa. Tulikuwa tunakunja ile tenti kubwa ya matanga, wewe pembe hii na mimi pembe ile, ukaniuliza bila kuniangalia: "Mama, huyo Prisila wako, huwa unaongea na yeye ama unamfikiria tu?" Nikajifanya kamba imenasa. Ukangoja. Kisha ukasema jambo ambalo limekaa nami tangu siku hiyo: "Kule chuo wakiniuliza, nitasema hayo ni ya mama yangu, si yangu."

Hukusema kwa ubaya. Unaenda kusomea uchungaji, na mtu anayeenda kusomea uchungaji huku mama yake anasemekana kuongea na wafu ana haki ya kujipanga mapema. Lakini liliniuma, sitakuficha. Sasa kaa nikueleze tangu mwanzo, halafu uamue mwenyewe lipi ni la mama na lipi ni lako.

Unajua nilizaliwa Mbooni, kule juu kwenye baridi na maparachichi. Susu yangu, yaani nyanya yangu mzaa baba, alikuwa mjane. Mdogo wangu Mutua alipewa jina la marehemu mume wa Susu, kama ilivyo desturi yetu Wakamba. Basi Susu alikuwa anamwita "mume wangu" mbele ya watu, na hakuwa anatania tu. Alikuwa anamgombeza. Alimwambia yeye ni mwanamume gani, ameondoka zake na kumwachia jiko linavuja. Mutua, ambaye meno yake ya mbele yalikuwa ndiyo kwanza yameng'oka, aliinamisha kichwa akaomba msamaha. Siku moja alipanda juu ya lile jiko na fungu la nyasi ili aliezeke, akaanguka. Susu akamkanda mguu huku akimwambia kwamba hata zamani hakuwa fundi. Tulicheka sana, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyeona ajabu. Babu alikuwa amekufa, kaburi lake tulilijua, na pia alikuwa hapo anakandwa mguu.

Wewe nawe una jina la mama yangu, Mumbua. Ndiyo maana sijawahi kukuita mwanangu, hata ulipokuwa unanyonya. Nimekuita Mwaitu, mama yangu, na kila nilipokukosea niliomba msamaha mara mbili, mmoja wako na mmoja wake. Watu wa mbali hushangaa wakisikia mwanamke mzima anamwita mtoto mama. Sisi tumezoea.

Nilibatizwa nikiwa darasa la saba, kwenye kijito chenye maji ya kukata mifupa. Mke wa mchungaji ndiye aliyenichagulia jina. Nikarudi nyumbani nimelowa, nikamwambia Susu kwamba sasa mimi ni Prisila. Susu hakuwa mtu wa kanisa. Alikuwa anachambua maharagwe, na bila kuinua macho akauliza Prisila ni wa ukoo gani. Nikasema sijui, yuko kwenye Biblia. Akafikiri kidogo, akaniambia: "Kama umepewa jina lake, basi ameshakuja kwetu. Uliza anapenda nini."

Hilo ndilo kosa langu, ikiwa ni kosa. Nilipokea jina la ubatizo kama tunavyopokea majina nyumbani. Wenzangu kina Ruthu na Martha walipata majina ya kuandika shuleni. Mimi nilipata jamaa. Nikamuuliza mchungaji Prisila alipenda nini, akacheka mpaka akavua miwani. Akaniambia kwamba lile ni jina tu, la kunitambulisha kwamba mimi ni Mkristo. Alikuwa mtu mwema, na sikubishana naye. Nikaenda kumtafuta mwenyewe.

Nilichopata ni kidogo mno. Yeye na mumewe Akila walifukuzwa Roma pamoja na Wayahudi wengine, wakafika Korintho. Walikuwa mafundi wa mahema. Paulo akakaa kwao na kufanya kazi nao. Baadaye walimchukua Apolo, yule msemaji hodari, wakamweleza vizuri zaidi habari za Mungu bila kumwaibisha mbele ya watu. Kanisa lilikutana nyumbani kwao. Basi, ni hayo na salamu chache. Nilikasirika kabisa. Huyu ni mtu wangu, na habari zake zinaisha kabla chai haijapoa? Nilitaka kujua walipofukuzwa Roma alibeba nini na aliacha nini. Watu wakijaa nyumbani kwake kwa ibada, nani alikuwa anapika? Alikuwa na watoto au hakuwa nao? Na Paulo, alikuwa anashona vizuri kweli, au Prisila alikuwa anafumua kazi yake kimyakimya na kuishona upya? Hilo la mwisho nalishuku hadi leo.

Nilipoolewa huku Ikutha nikasema nataka kujifunza ushonaji, kila mtu alinishauri sare za shule. Mimi nikaenda kwa Mama Zuhura, yule Mwislamu ambaye familia yake ilitoka pwani, aliyekuwa akishona maturubai ya malori na tenti za harusi karibu na soko la mbuzi. Baba yako alidhani nimeona biashara. Mwaitu, sikuwa nimeona biashara yoyote. Nilitaka kujua mikono ya Prisila ilichokaje ikifika jioni. Nilipomweleza Mama Zuhura sababu yangu, hakunicheka. Alinipa sindano ya gunia na kipande cha ngozi cha kufunga kiganjani, akasema kila mtu huja kwenye kazi na lake. Baba yako alipokuja kujua, alisema kama mimi ni Prisila basi yeye ni Akila, ila Akila huyu hashiki sindano, anashika mbuzi. Unamjua, hajabadilika.

Turubai si kitambaa cha gauni. Linakuvuta, linakukwaruza mapaja, na likiwa na jua linanuka mafuta. Baada ya mwaka nilipata sugu hii hapa chini ya kidole gumba, hii unayoisikia nikikushika shavu. Siku niliyoiona imekuwa ngumu kabisa nilifurahi kupita kiasi. Niliketi nikaitazama na kuwaza kwamba mkono wa binadamu haujabadilika tangu wakati ule, na kitambaa kizito kikivutwa na uzi kinaumiza palepale. Kwa hiyo kuna kitu kimoja cha Prisila ninachokijua, ambacho hakuna aliyekiandika.

Ningeishia hapo ningekuwa nimefanya vizuri. Lakini nilitaka anijibu. Rafiki yangu mmoja aliniambia kuna nabii anayeombea watu kwenye chumba kimoja cha kukodi pale mjini Tulia, na kwamba anaona walio upande wa pili. Nikafunga safari. Nabii alinisikiliza, akafumba macho, akasema anamwona. Mwanamke mrefu, mweupe, amevaa nguo inayong'aa, na ana ujumbe wangu. Nikamwomba aangalie mikono yake aniambie ikoje. Akasema: "Ni laini, mama. Laini kama ya mtoto mchanga." Nikachukua kibeti changu nikatoka. Rafiki yangu alinikimbilia akisema nimemkosea mtumishi wa Mungu. Nilicheka njia nzima, halafu tulipokaribia nyumbani nikalia, kwa sababu nilikuwa nimetamani sana iwe kweli. Kama angesema ana sugu, ningerudi kwake kila wiki mpaka leo. Hilo linanitisha zaidi ya yeye.

Sasa nifike kwenye msumari. Sijawahi kukusimulia hili lote.

Wewe ulikuwa tumboni, umekaribia kuzaliwa. Upepo ulikuwa umeipasua tenti kubwa, na mwenyewe aliitaka kesho yake kwa mazishi. Mama Zuhura alikuwa ameenda Mombasa kwa msiba, kwa hiyo nilikuwa peke yangu dukani mchana kutwa. Tenti kama ile hushonwa na watu wawili, mmoja anashona na mwingine anainua upande wa pili ili uzito usikuvute. Mimi sikuwa na mtu. Turubai lilikuwa linaning'inia mezani na kunivuta mbele, mgongo unawaka moto, na wewe unanipiga mateke. Nikaanza kusema naye kama nilivyozoea nikiwa kazini. Nikamuuliza, Prisila, wewe uliwahi kushona ukiwa hivi?

Mara uzito ukatoka. Ulitoka vilevile unavyotoka Mama Zuhura akisimama upande wa pili na kuinua. Mikono yangu ikawa miepesi na sindano ikapita. Nami nikatulia, Mwaitu, nikatulia kuliko nilivyowahi kutulia kanisani. Sikuona mtu. Sikusikia sauti. Nilijua tu kwamba mle dukani hatukuwa mimi na wewe peke yetu, na kwamba wale watu waliokuwa wakikutana nyumbani kwake hawakuwa wametawanyika. Ibada yao ilikuwa bado inaendelea, na sisi wawili tulikuwa tumeingia tukiwa tumechelewa, wakatusogelea kutupa nafasi ya kukaa. Sijui nilikaa hivyo muda gani. Nililia kwa furaha na pua ikanitoka kamasi kama mtoto.

Kisha nikainuka kuangalia. Wewe unanijua, siwezi kuacha kuangalia. Nikazunguka meza, nikakuta turubai limejishika kwenye msumari wa benchi lililokuwa upande wa pili, msumari uliokuwa umechomoza kidogo. Ndio uliokuwa umebeba uzito.

Kwa miaka mingi nilisimulia habari hii bila msumari. Niliwasimulia akina mama wa kanisa, wakasema amina na wengine wakafuta machozi. Kila nilipoisimulia nikaacha msumari, wao walibarikiwa na mimi nikazidi kuona kwamba nasimulia jambo lililompata mtu mwingine. Ikafika mahali nikawa naogopa kuisema. Siku moja nikamwambia baba yako yote, pamoja na msumari. Alinisikiliza kama anavyomsikiliza mbuzi mgonjwa. Kisha akauliza: "Na huo msumari, nani aliupigilia?" Nikamwambia ni Mama Zuhura. Akasema, "Basi mshukuru na yeye," akaenda kulala.

Nilimshukuru. Mama Zuhura alicheka akasema ule msumari ulikuwa umempasulia mabuibui matatu na hakujua una faida yoyote. Tangu hapo ile habari imerudi kuwa yangu. Sijui msumari ulifanya nini na Prisila alifanya nini. Nimeviacha vikae pamoja, na nikiulizwa nasema vyote viwili.

Ndiyo maana lile la darasa langu la Jumapili linanisumbua. Unajua lilivyokuwa. Niliwaambia watoto kila mmoja aende nyumbani akatafute mwenye jina lake katika Biblia alikuwa nani na alipenda nini. Kale kasichana kanakoitwa Lidia kakapenda mno. Kakaanza kumsalimu Lidia wa Filipi, yule muuza vitambaa vya zambarau, kabla ya kula chakula, na mama yake akashtuka. Akaenda kwa wazee wa kanisa akasema mtoto wake anaongea na aimu, roho za waliokufa. Wazee wakaniita. Mmoja wao aliniuliza kwa huzuni, kwa Kikamba chetu cha nyumbani, kama nimewaingiza aimu kanisani kupitia mlango wa nyuma. Nilijitetea vibaya. Wakanipokonya darasa, na sikuwalaumu, kwa sababu yule mzee mama yake alicheza ngoma ya kilumi mpaka akapandwa na pepo, na anajua anachokiogopa. Mimi nilikuwa nimewapa watoto utamu wa jambo bila mashaka yake. Wewe ulikuwa kwenye kwaya, na nilisikia wenzako wakikutania kwamba wewe ni binti wa Akila. Niliuona uso wako. Siku ile nilikuonea huruma kuliko nilivyojionea mwenyewe.

Sasa jibu lako. Naongea naye. Hajawahi kunijibu, hata siku moja. Simwombi yeye. Namwomba Yesu kama wewe, na mvua namwomba Mungu, na sijawahi kumwaga pombe chini wala kumtolea kitu. Ninamsalimu tu, kama unavyomsalimu mtu mliyekaa benchi moja kanisani, halafu ninageuka kutazama anakotazama yeye. Tofauti ninayoiona ni hii: nikiomba peke yangu naomba karo na mvua na goti la baba yako. Nikiomba nikikumbuka kwamba wao nao wanaomba, najisahau. Kama huko ni kufikiria tu, basi ni kufikiria ambako kumenifanya niache ubinafsi kidogo. Kama ni kuongea, siujui utaratibu wake.

Huko uendako kuna walimu wanaosoma Kigiriki. Wakikwambia mama yako amekosea, wasikilize vizuri na usinitetee. Huenda nimekosea, nimeshawahi kufika mpaka Tulia kwa ajili ya kukosea. Ila tafadhali waulize watu wa Korintho walishona kwa uzi gani, na kama waliupaka nta. Nataka kujua kweli, na huku Ikutha sina wa kumuuliza.

Na wakikuuliza kuhusu imani ya kwenu, sema lililo lako. Ukitaka kusema hayo ni ya mama, sema. Hofu yangu haiko hapo. Nimezunguka kurasa zote hizi kwa sababu naona haya kuitaja. Hofu yangu ni kwamba siku moja nami nitakuwa upande ule wa Prisila. Na kama watakuwa wamekufundisha kwamba walioko huko hawasalimiwi, basi nawe utapita kimya. Utakuwa mchungaji mzuri, utanizika kwa maneno mazuri, halafu utapita kimya. Mimi nilimzika mama yangu, na kesho yake nikakuita wewe Mwaitu kama siku zote, nikaendelea kumwambia habari za nyumbani. Sijui kuishi namna nyingine.

Kuna jambo jingine nimelifikiria wiki hii nikikunja nguo zako. Tunawaita wale Wakristo wa kwanza, na sisi tunajiona wa mwisho. Lakini huenda hata sisi bado tuko mapema. Huenda miaka mingi sana ijayo, katika nchi ambayo haijapata hata jina, kutakuwa na msichana atakayebatizwa Mumbua, kwa sababu zamani kulikuwa na mchungaji wa jina hilo huko Ukambani. Atarudi nyumbani amelowa. Atauliza Mumbua alipenda nini, na wakubwa watacheka. Hatapata kitu, maana nani ataandika kwamba ulipenda muthokoi uliolala, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, na kwamba ulikuwa kwenye kwaya na sauti hukuwa nayo? Atabaki akijiuliza tu, kama mimi. Siku utakayokuwa mpweke huko chuo, msalimu huyo. Hakuna mzee wa kanisa atakayesema unaongea na wafu, kwa sababu msichana huyo hajazaliwa. Ukimzoea yeye, huenda waliotutangulia hawatakutisha sana.

Nasikia mbuzi wanarudi, na wewe huenda umeshatoka kwa shangazi. Kesho asubuhi sitasema lolote kati ya haya. Nitakukaripia kwa sababu ya viatu, na utaona kama mama yako hana jingine kichwani.

Siku yangu ikifika, Mwaitu, nisalimu hata kama huna hakika. Usinitafutie maneno ya madhabahuni. Sema tu, "Mama, umeamkaje," halafu uendelee na kazi yako. Sikuahidi jibu, maana sijui sheria za huko. Lakini kama wanaturuhusu masikio, yangu yatakuwa kwako.

Mimi mama yako, na mtoto wako,
Prisila Kalekye